Nusu Saa ya Matroni

Si kweli kwamba matroni aliwekwa kwenye kamati ya uongozi wa hospitali kwa sababu ya macho yake. Wala si kweli kwamba mjane yule, mwenye vyeti vitatu vya uuguzi na miaka sita ya kujitunza tangu amzike mumewe, alikuwa na lolote na mkurugenzi. Wenye midomo hupenda kusema lisemwalo lipo. Hili halikuwepo, wala haliji. Lililokuwepo ni nusu saa.

Ilikuwa nusu saa ya kupokezana zamu. Wauguzi wa mchana waliingia saa saba na nusu, wa asubuhi wakatoka saa nane. Katikati hapo walipita pamoja kitanda kwa kitanda: huyu kachomwa sindano, huyu bado, huyu asidanganywe tena kwamba mwanawe yuko njiani. Kamati ikaona watu wawili wanafanya kazi ya mmoja, ikaifuta nusu saa hiyo.

Matroni alikuwemo kikaoni siku hiyo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikaa palepale alipokaa siku zote, mwisho wa meza, jirani na chupa ya chai. Mambo ya wauguzi yaliwekwa chini ya “Mengineyo”, wakati watu wameshafunga mafaili na mhasibu anatafuta funguo za gari. Yeye, ambaye wauguzi walimwita Mama Dakika kwa ukali wake wa saa, alingoja nafasi ya kusema mpaka kikao kikaisha. Alinyamaza kwa adabu. Adabu nyingine ni ujinga uliopigwa pasi.

Wiki ya pili, bibi wa kitanda cha nne, mgonjwa wa sukari, aliushika mkono wa muuguzi aliyemjia na sindano. “Mjukuu wangu, hii si ya pili?” Kweli, ilikuwa ya pili. Matroni akamwandikia mkurugenzi barua. Kimya. Akaandika nyingine, ya mstari mmoja: “Daktari, tafadhali njoo Jumatano saa nane kamili, upokee zamu wewe mwenyewe.”

Alikuja, pengine kwa nia ya kumkomesha. Matroni alikuwa ameshapita vitanda vyote mapema, maana hakutaka somo la mkubwa limgharimu mgonjwa. Akasimama dirishani, mikono nyuma. Saa nane wauguzi wa asubuhi wakaaga, wa mchana wakasimama mlangoni kungoja maagizo. Mkurugenzi akabaki na mafaili thelathini na moja.

“Wewe ndiye wa zamu?” bibi wa kitanda cha nne akamwita. “Nimeshachomwa, au bado?”

Akafungua faili. Muda umeandikwa, saini hakuna.

“Subiri bibi, niulize.”

“Umuulize nani? Aliyekuwepo ameshavuka geti.”

Mkurugenzi akapindua karatasi, akairudisha.

“Basi nichome nusu,” bibi akasema, “tugawane hasara.”

Wodi nzima ikacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alimtazama matroni, naye akajibu kwa sauti ya chini, “Ameshachomwa, Daktari.”

Kabla ya saa tisa mkurugenzi alimwita matroni ofisini. Mlango ukafungwa, na saa nzima haukufunguliwa. Kesho yake nusu saa ilirudi. Ikatoka pia barua: mambo ya wauguzi yatajadiliwa mwanzoni mwa kila kikao, na matroni atapiga kura kama wajumbe wengine. Kikao kilichofuata alivuta kiti katikati ya meza. Chai akawaachia walio karibu nayo.

Lakini nani alikumbuka ya wodini? Watu walishika ile saa moja ya mlango, wakaitia chumvi mpaka ikamfikia shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu. Akaja Jumapili, amevaa koti, akakataa hata maji.

“Shemeji, jina la mdogo wangu linaburuzwa. Mlikuwa mnaongea nini mle ndani?”

“Kazi.”

“Saa nzima?”

“Kazi ilichukua dakika kumi. Baada ya hapo alinieleza jambo lake.”

“Jambo gani?”

“Lake.”

“Ukilisema tu, uvumi unakufa leo hii!”

Alijua shemeji anasema kweli. Ingetosha kulitamka mara moja, na wa kusemwa angekuwa yule mwanamume. Alilipima. Jina la marehemu walilibeba wanawe pia, shuleni kila siku, na watoto wenzao wana masikio. Lakini mtu aliyemfungulia muuguzi moyo hakuufungulia mtaa.

“Mdogo wako aliishi nami miaka ishirini na miwili,” akasema. “Hakuniuliza hata siku moja nani kalazwa, anaumwa nini. Mimi jina lake nalilinda hivyo hivyo.”

“Yule si mgonjwa, ni mkurugenzi!”

“Naijua kazi yake.”

“Sasa mimi nikiulizwa niseme nini?”

“Sema uliniuliza, nikakataa.”

“Lakini shemeji…”

“Sisemi.”