Akala zangu kwa wakwe

Mjukuu wangu, anayefundisha Kiingereza huko Mbita, aliniambia Wazungu husema simiti hata kwa urafiki: eti unautia simiti, nao unashika kama sakafu. Jambo hilo likanisumbua. Mimi shule niliiachia darasa la pili, lakini kuuliza sijaacha.

Juzi tukaenda Ndhiwa kumposea mwanangu wa mwisho. Nikiharibu hapo, kijana hana mke. Nikakuta fundi, mzee kama mimi, ametoka tu kupiga sakafu nusu ya veranda kwa ajili yetu wageni. Nikajiuliza, hii kitu hushika baada ya muda gani? Wenzangu walipoingia ndani, nikaweka mguu mmoja na akala yake. Haikuwa imeshika.

Baba ya msichana akatoka, akaona. "Nani amefanya hivi?"

"Labda mbuzi, mkwe," nikasema.

Akamgeukia fundi. "Simiti yangu unaachia mbuzi? Kusanya vyombo vyako uende."

Fundi akachuchumaa, akaichunguza ile alama bila haraka. "Mbuzi huyu amevaa tairi ya lori," akasema. "Jaduong', mzee wangu, hebu inua mguu."

Nikainua. Chini ya akala, simiti ilikuwa imeshika vizuri sana.