Jineri ya Maboksi ya Sabuni

Baba alipoambiwa kwamba jineri imeuzwa, aliuliza swali moja tu: "Imeuzwa na sisi ndani yake?" Meneja aliangalia viatu vyake, akasema taarifa zitakuja.

Jineri ni kiwanda cha kuchambua pamba. Yetu ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, enzi hizo ambazo Simiyu haijawa mkoa, na baba alikuwa fundi mitambo pale tangu kabla sijazaliwa. Ilikuwa mali ya ushirika, na ushirika, kwa jinsi tulivyofundishwa shuleni, ni sisi wenyewe. Sasa kuna mtu mmoja kainunua. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nasubiri majibu, na redio kutwa nzima inaimba soko huria, ubinafsishaji, mageuzi. Maneno yenyewe niliyajua. Maana yake ndiyo ilinishinda, na kila niliyemuuliza alizidi kunivuruga. Kama jineri ni yetu, nani kaiuza? Kama si yetu, mbona babu zetu walibeba mawe ya kujengea msingi wake? Mama aliniambia niache maswali nikachote maji.

Wiki iliyofuata taarifa zikaja kweli. Mnunuzi atafika kukagua, na siku hiyohiyo atachagua mafundi wachache wa kubaki naye. Wengine kwaheri.

Baba hakuwa na cheti hata kimoja. Elimu yake yote ilikuwa mikononi na masikioni. Aliweza kusimama nje ya ukuta akasikia mashine ya nne inasaga vibaya. Lakini mbele ya mkubwa mwenye tai alikuwa anapotelewa na maneno, anabaki kukohoa na kusema ndiyo mzee, hata kama huyo mkubwa ana umri wa mwanawe. Alilijua hilo, na lilimtisha kuliko kitu chochote.

"Mayu," aliniita, maana kwetu baba humwita binti yake hivyo akitaka jambo zito, "nijengee jineri. Ndogo, ya kuweka mezani. Nikiwa na kitu cha kugusa, nitaongea."

Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Ni kweli shuleni nilisifika kwa kutengeneza vitu hivyo. Niliwahi kufinyanga mlima wa volkano wa somo la jiografia hadi mwalimu akauweka ofisini. Lakini jineri nzima, na mashine zake?

Tulianza na vipimo. Baba alikwenda siku ya mapumziko na kamba ya katani, akaipima jineri kwa hatua zake, kila hatua fundo moja. Akarudi na bunda la kamba zenye mafundo, akazitandaza sakafuni: huu ukuta wa mbele, hii nyumba ya injini, hili ghala la marobota. Mimi nikaamua kwamba hatua moja ya baba iwe njiti moja ya kiberiti. Kuta nilizikata kwenye maboksi ya sabuni, paa nikatengeneza kwa makopo ya mafuta, rola za kuchambulia nikakata mabua ya mtama, mikanda ya kuendesha mashine nikaichana kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Injini niliifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Ya kwanza ilipasuka juani, ya pili ikapasuka, ya tatu ikakubali.

Shida ilikuwa joto. Asikwambie mtu! Ilikuwa Oktoba inaingia Novemba, wakati ule mawingu yanakuja kila mchana, yanatuangalia, yanaondoka zao. Nyumba yetu ilikuwa ya bati, nasi tulijivunia bati hilo miezi yote isipokuwa hiyo. Ikifika saa tano ndani hakukaliki. Jasho lilinitoka kwenye nyusi, likidondokea boksi, na boksi la sabuni likipata tone moja tu linavimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki. Nilijifunga kitambaa kichwani, kikaloa. Nikafunga kingine juu yake. Mama akanipita mlangoni, akaniuliza kama nimejifungua.

Halafu gundi. Miaka ya nyuma duka letu lilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Sasa kwa hiyo ruhusa ya biashara kulikuwa na kila takataka, pamoja na gundi ya kwenye tyubu yenye maandishi ambayo hata mwenye duka hajui ni ya nchi gani. Nilinunua kwa shangwe. Mchana ilikauka mdomoni mwa tyubu kabla haijatoka, na hewa ikiwa nzito na mvua iko jirani, kwenye boksi ilikataa kukauka kabisa. Nikashangaa: gundi moja, siku moja, inakauka isipotakiwa na inagoma inapotakiwa! Nikaitupa. Nikarudia utomvu wa mgunga tuliokuwa tunatafuna utotoni, nikauchemsha. Ulishika vizuri siku mbili, siku ya tatu unyevu ukaulegeza, kuta zikaanguka chali.

Nikafikiri, kumbe kinachotakiwa ni ubaridi. Nikaibeba jineri yangu nikaiweka kando ya mtungi wa maji, pahali pa baridi kuliko pote nyumbani, nikaenda zangu kulala usingizi wa mchana nikijiona nina akili. Kuamka nikakuta kuta zimelala, sakafu imejikunja.

"Umeipeleka ikanywe maji?" mama akasema, akicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, na nilikuwa nimebakiza siku tisa kabla mnunuzi hajafika.

Ni mama huyohuyo aliyeniokoa. Alipomaliza kucheka alichukua vile vipande vilivyojikunja, akavipanga kimojakimoja karibu na jivu la moto la jikoni, akavigandamiza kwa jiwe la kusagia. Asubuhi vilikuwa vikavu, vimenyooka. Basi huo ndio ukawa utaratibu: naamka jogoo wa kwanza, nabandika mpaka jua lifike usawa wa miti, naacha, napeleka vipande kwenye jivu, jiwe juu. Unga wa ugali siku hizo ulisubiri jiwe lipate nafasi, na baba alikula bila kulalamika.

Alikuwa akikaa pembeni yangu kabla ya kwenda kazini, ananisimulia tabia za mashine. Kwamba mikanda halisi ni ya ngozi, na msimu wa unyevu hulegea, lazima ikazwe alfajiri na ilegezwe kidogo jua likipanda, la sivyo inakatika. Kwamba mashine ya nne ni kaidi, ukiilisha pamba mbichi inatema. Kwamba injini hupenda kuamshwa taratibu. Nilipomwonyesha ukuta wa boksi uliojikunja kwa joto, alifurahi. "Hata yenyewe ndivyo ilivyo," akasema. "Na mimi ndiye ninayeijua."

Nilimwelewa, maana nilishamwona mnadani. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameuza maksai wake wa kulimia, nami nilikwenda naye. Mnunuzi alipouliza, baba akammwagia yote: huyu anaogopa mbwa, haendi kushoto ukimchapa, mfunge upande wa mtaro. Njiani nikamgombeza. Kwa nini unataja kasoro za ng'ombe wako mwenyewe? Akaniambia, "Mwenye plau huuliza tabia, nawe humfichi, maana wataishi pamoja. Mwenye bucha huuliza uzito tu. Huyo humwambii tabia, atazifanyia nini?"

Tuligombana mara moja tu katika ujenzi ule, na ilikuwa juu ya mlango. Baba alitaka ukuta wa magharibi wa nyumba ya injini uwe na mlango mkubwa. Mimi pale nilipajua. Nilikuwa nampelekea chakula tangu nina miaka sita. Ukuta ule ni mzima, umepakwa chokaa, mbuzi wanajikuna.

"Baba, pale hakuna mlango."

"Upo."

"Upo wapi? Mimi sijauona!"

"Weka mlango, mayu."

Alivaa kofia akaondoka. Nikabaki na wembe mkononi, nimechanganyikiwa, nikajiuliza kama mzee ameanza kuchoka kichwa kwa sababu ya wasiwasi. Redio inasema chetu si chetu, baba anasema ukuta ni mlango, na joto linaniyeyusha ubongo. Nikaukata huo mlango kwa hasira. Lakini kazi ni kazi. Niliupima kwa njiti kama alivyotaka, upana na urefu, na nikaufunga kwa bawaba za uzi.

Siku ya mnunuzi tulifunga jineri kwenye karia ya baiskeli, juu ya mto wa pamba, tukaifunika khanga ya mama iliyoloweshwa na kukamuliwa. Baba alisukuma, mimi nikashika nyuma. Jua lilikuwa linachoma mpaka mchanga wa njia panda unaunguza kupitia ndala. Tulipofika tukaiweka mezani, nikafunua khanga. Paa lilikuwa limebonyea katikati, mkanda mmoja umechomoka, ukuta wa ghala umetuna tumbo. Machozi yalinijaa.

Mnunuzi alikuja na gari kutoka upande wa Lamadi, na meneja akimkimbilia mlango. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa mpole, mnene kiasi, akijifuta shingo kwa kitambaa. "Mwadila," alitusalimia kwa Kisukuma cha kujifunza, na baba akaitikia kwa furaha. Alipoona meza akasimama. Aliinama akachungulia ndani ya kuta za maboksi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa kweli, "Jamani, nani kafanya hii?"

Na baba akaongea. Sijawahi kumsikia akiongea vile kabla wala baadaye. Aligusa paa lililobonyea akasema, unaona, mkuu, joto la Novemba ndivyo linavyofanya. Akashika ule mkanda uliochomoka, akaeleza ngozi na unyevu. Akaeleza mashine ya nne. Hakukohoa hata mara moja. Meneja aliduwaa. Mnunuzi alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kisha akanyoosha kidole kwenye injini yangu ya udongo.

"Mzee, hii ina uzito gani?"

"Tani nne na ushee," baba akajibu palepale.

"Na iliingiaje humu? Milango yote ya upande huu naona midogo."

Baba akatabasamu, akanitazama mimi kwanza, kisha akafungua kwa kidole mlango wa magharibi. "Ilipitia hapa. Nilikuwa kijana. Tuliivuta kwa jozi kumi na mbili za maksai, halafu wakaziba kwa tofali. Tofali mstari mmoja, hazina nondo. Ukitaka kupafungua, ni kazi ya siku moja."

Mnunuzi akaufunga mlango, akaufungua tena. "Mzee," akasema, "wewe unabaki. Jumatatu uje na vifaa vyako."

Tulirudi nyumbani kama tunapepea. Kumbe mlango ulikuwepo! Nilimwomba baba msamaha njia nzima, naye akanicheka njia nzima. Mama alipiga vigelegele, akachinja jogoo. Jineri ya maboksi iliwekwa juu ya kabati kila mtu aione. Mimi nilikuwa na furaha, wallahi nilikuwa nayo, ila kulikuwa na kitu kinanikera moyoni na sikijui ni kitu gani. Nikasingizia joto.

Jumatatu mchana nilimpelekea chakula. Nilitegemea kusikia mashine. Nilisikia nyundo. Nikazunguka upande wa magharibi, na pale mbuzi walipokuwa wakijikunia kulikuwa na tundu kubwa la mstatili, kingo zake zimenyooka, ukubwa uleule niliokata kwa wembe. Nje lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume. Baba alikuwa ndani na spana, vumbi la tofali nywele zote, anawaonyesha vijana wageni bolti ipi ianze kufunguliwa ili injini isimwangukie mtu.

"Mnaipeleka matengenezo?" nikamuuliza.

Alipokea bakuli, akala amesimama, akanipa bakuli.

Kazi ile ilichukua wiki tatu. Injini ilikwenda, mashine nne zikakatwakatwa zikawa vyuma chakavu, shafti ikafuata, na siku ya mwisho lori liliondoka na mabati. Kisha mnunuzi akampa mkono baba, akamshukuru sana, kazi ikawa imeisha.

Jioni hiyo baba aliniambia nimshushie jineri kabatini. Aliiweka mapajani, uani, jua likizama na joto bado lipo palepale. Akaiangalia muda mrefu, mimi nimesimama sijui nikae au niondoke.

"Aliuliza uzito," akasema. "Masikio yangu haya yalisikia, mayu. Nikamjibu."

Akafungua mlango wa magharibi, akashika injini ya udongo kwa vidole viwili, akaivuta polepole mpaka ikatoka nje. Haikugusa popote. Nilikuwa nimeupima vizuri.