Bamia za Mbegu Nimezila Mwenyewe

Jamani, leo nimekula mbegu zangu mwenyewe, na vidole nikalamba.

Bamia zangu za uani nimeziotesha kwa mbegu alizonipa jirani yangu hapa Mwembesongo, Mama Zuhura. Ni yeye aliyenifundisha kuziloweka kabla ya kupanda. Ni yeye aliyeniambia, "Mche uliozaa vizuri kuliko yote ufunge kitambaa. Usiuchume, bamia zikaukie hapo hapo zikupe mbegu."

Nikafunga kitambaa chekundu. Nani asingekiona?

Leo mchana kaniletea bakuli la bamia za nazi. Nikamwombea na dua, mimi mjinga!

Sasa bakuli la mtu halirudishwi tupu. Nikatoka uani nichume bamia chache nimwekee.

Mche wangu wa mbegu hauna hata bamia moja. Kitambaa tu kinaning'inia.

Nikamfuata. "Mama Zuhura, zile si za mbegu?"

Hata aibu hana. "Niliona zinakomaa bure, shoga yangu. Kwani wewe hukula?"

Kwani mimi sikula!

Semeni nyinyi kama nimekosea. Bakuli lake nimelirudisha, na wala si tupu.

Ndani nimemwekea kitambaa.