Mkanda Uliopakwa Mafuta

Mwanangu Neema, weka hilo gitaa juu ya kitanda, ukae hapa karibu yangu. Bodaboda wa kukupeleka Mandewa bado hajafika, na akifika atasubiri. Hapa Ilongero hakuna aliyewahi kufa kwa kumsubiri abiria. Najua mashindano ya kwaya ni leo mchana, na najua una hofu ingawa unajifanya umezoea. Nina neno moja kuhusu mkanda wa hilo gitaa lako la besi, na nitalisema polepole, maana neno likisemwa haraka kwa kijana huwa halifiki hata getini.

Unacheka. Haya, cheka. Mimi nilipokuwa na umri wako nilidhani pia kwamba mkanda ni kamba tu ya kuning'inizia chombo, kazi yenyewe iko kwenye vidole.

Ipo Jumapili moja ya sikukuu ya mavuno, kule Kinampanda nilikozaliwa, ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilikuwa msichana, na katika kwaya yetu mimi ndiye niliyepiga besi. Usidhani ilikuwa besi ya kupewa. Kwaya ililima shamba la alizeti, tukapalilia kwa zamu, tukavuna, tukapepeta mpaka macho yakawa mekundu kwa vumbi, na mazao yale ndiyo yaliyotuletea chombo. Halafu kijana aliyeipiga kabla yangu akaiangusha, shingo ikapasuka. Fundi seremala aliiunga kwa gundi na skrubu, akatuambia wazi kwamba ikianguka tena tusimpelekee, tuipeleke jikoni ikawe kuni. Kwa hiyo kila niliposimama nayo nilijua nimebeba jasho la watu wote wale, na kwamba haina nafasi nyingine ya kuanguka.

Aliyenifundisha ni Mzee Yona. Yeye alikuwa mpigaji wa siku nyingi, lakini vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hata kikombe alikishika kwa viganja. Baada ya ajali ile alikata mkanda mpya kwa mkono wake kutoka ngozi ya ng'ombe, mgumu kama ubao. Matundu yake aliyatoboa madogo kuliko vile vishikizo viwili vya chuma vilivyo mwilini mwa gitaa, kimoja juu na kimoja kitakoni. Kuuvalisha ilibidi usukume kwa dole gumba mpaka kucha igeuke nyeupe. "Huu ugumu ndio kufuli lenyewe," aliniambia. Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni nililalamika, maana mkanda ule ulinichubua shingo mpaka nikawa nalala upande mmoja.

Mama yangu alikiona kile kidonda. Mama hakujua chochote kuhusu magitaa, ila ngozi aliijua sana. Alizaliwa kwenye nyumba ambayo watoto walibebwa mgongoni kwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa, na kazi ya kulainisha alifundishwa akiwa mdogo. Jumamosi nilipokuwa kisimani, aliutoa mkanda kwenye gitaa, akaupaka mafuta ya alizeti, akauweka juani, akausugua na kuukunja, akaupaka tena. Niliporudi nikaukuta umesharudishwa mahali pake, laini kama kitenge cha zamani.

"Jaribu sasa," akasema.

Nikauvaa. Ulinikaa shingoni kwa upole, sikusikia maumivu yoyote. Nilimkumbatia mama na ndoo ya maji ikiwa bado mlangoni. Nakuomba uliweke akilini hilo kumbatio, mwanangu, tutalirudia.

Siku ya pili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mbele kulikuwa na magunia ya alizeti na mtama, vibuyu vya asali na kuku waliofungwa miguu. Nje mbuzi walikuwa wakilia wakisubiri mnada. Alikuja mgeni, mchungaji mkubwa kutoka mjini. Sisi kwaya tulisimama juu ya ngazi ya mbele, na chini yetu kabisa, kwenye mikeka, waliketi watoto wadogo kama ilivyo desturi. Amplifaya ilikuwa ikinguruma kwa betri ya gari. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Zefania, akainua mkono, tukaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye kiitikio tukaanza kuyumba kushoto na kulia, na hapo nikahisi uzito wa gitaa umehama. Tundu la mkanda lilikuwa limeteleza kwenye kishikizo cha kitakoni, limekuja ukingoni kabisa. Nikaubana mwili wa gitaa kwa kiwiko. Mkono wa kushoto uko shingoni mwa besi, wa kulia uko kwenye nyuzi, na nikiuachia wowote mlio unakufa. Nikajiambia labda itakaa.

Ubeti wa pili haikukaa. Joto la mwili wangu lilikuwa linayaamsha yale mafuta, nikawa naisikia harufu yake chini ya kidevu. Nilijua kinachokuja. Kwenye ubeti wa tatu kwaya nzima huinama chini, kama watu wanaokata mtama, halafu huinuka kwa pamoja kwa nguvu. Huo ndio mchezo uliotupa sifa Iramba nzima, na mpiga besi huinama na wenzake. Nikiinama, mkanda unatoka. Nikatazama chini. Pale ambapo kichwa cha gitaa kingeangukia alikuwa ameketi mtoto ananyonya kidole, ananitazama bila kupepesa. Mwanangu, niliogopa sana. Sijawahi kuogopa hivyo tena mpaka siku ya kumzaa mama yako.

Kiitikio kilipoisha nikaketi. Nilijishusha tu kwenye ngazi, nikaipakata besi mapajani, nikaendelea kupiga. Wenzangu wakainama, wakainuka, mimi nimekaa. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mwalimu Zefania akanionyesha kwa mkono: simama! Nikatikisa kichwa. Yaani mimi, msichana, namtikisia mwalimu wangu kichwa mbele ya mgeni! Siku hizo jambo kama hilo lingezungumzwa mpaka masika. Lakini wimbo ulifika mwisho, na besi ilikuwa nzima.

Baada ya ibada, kabla mnada haujaanza, Mwalimu Zefania alituita kwaya yote kando, kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya kanisa. Na watu wakatufuata, maana kila mtu alitaka kusikia.

"Raheli," akasema, "umekaa mbele ya mgeni kama mtu anayechambua mlenda. Kwa nini?"

Nikafungua mdomo, nikamwona mama. Alikuwa amesimama na wanawake wenzake, kuku aliyemnunua mapema amembana kwapani, na alikuwa ananitabasamia. Bado alikuwa anajivunia ile shingo isiyo na kidonda. Nikiutaja mkanda, swali litakalofuata ni nani aliyeugusa, na kijiji kizima kitasema mama yake Raheli nusura atuvunjie besi.

"Nilichoka," nikasema.

"Basi pumzika. Besi itapigwa na mwingine."

Moyo ulinipasuka. Kijana mmoja wa sauti ya tatu tayari alikuwa amenyoosha mkono kuipokea, na mimi nikawa naivua shingoni huku machozi yananilengalenga.

"Ngojeni," ilikuwa sauti ya Mzee Yona. "Nileteeni mimi."

Aliivaa polepole kwa vile vidole vyake vilivyopinda. Akatuambia tuimbe ubeti wa tatu. Tukaimba bila moyo. Mzee akainama, akainuka kwa nguvu kama kijana, na mkanda ukatoka. Nilipiga kelele. Gitaa lilikwenda kichwa chini kuelekea kwenye jiwe, ila mzee alikuwa ameshautanguliza mkono chini yake. Akalidaka kwa kiganja na paja, kichwa cha gitaa kikasimama karibu kabisa na mwamba. Hata Mwalimu Zefania alikuwa ameshika mdomo.

Mzee akaunusa mkanda. "Alizeti," akasema. "Nani ameupaka?"

Nikatazama miguu yangu.

"Raheli, nakuuliza wewe."

"Ni mimi," mama akajibu kwa Kinyiramba, kuku bado kwapani. "Ulikuwa unamla mtoto wangu shingo."

Nilitamani jiwe lile linimeze. Lakini mzee alimgeukia mama na kumwinamia kidogo. "Asante, mama. Umeilainisha vizuri sana. Ngozi hii sasa inafaa kubebea mjukuu." Watu wakaangua kicheko, na mama akacheka nao mpaka kuku akamponyoka. Nikashusha pumzi, nikidhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Alinigeukia mimi, na usoni hakuwa na kicheko hata kidogo.

"Uliketi, ukaiokoa besi. Hilo nililiona, na mwalimu wako ameliona sasa. Lakini mama yako alipokupa huu mkanda, uliuvuta kuona kama umeshika?"

"Hapana, babu."

"Kwa nini?"

Jibu lenyewe lilikuwa dogo na la aibu. Ningeuvutaje mbele ya mama, kana kwamba simwamini?

"Ulimwonea haya," akajibu yeye mwenyewe. "Na dakika hii, kwa haya hiyo hiyo, ulikuwa unamvalisha kijana wa watu mkanda unaojua kwamba unateleza. Angeivunja yeye besi, na aibu ingekuwa yake. Hilo hukulifikiria."

Kweli, sikulifikiria. Nilimtazama yule kijana, naye akanitazama, na mpaka leo nikikutana naye mnadani huwa naanza mimi kusalimia.

"Sikia," mzee akasema, na safari hii sauti ilikuwa imelegea. "Mtu akigusa chombo chako kwa upendo, mshukuru, kisha vuta. Vuta hapo hapo mbele yake. Anayekupenda naye anataka kujua kama kazi yake imeshika."

Akanirudishia besi. Mwalimu Zefania akanisogezea nafasi yangu.

Wiki ile mzee aliniita kwake akanionyesha mambo ambayo nimeyatumia maisha yangu yote, na wewe yabebe. Akakata pete ndogo kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, akaivika kwenye kishikizo juu ya mkanda, mpira ukang'ata chuma, mkanda ukawa hauna pa kupitia. Tyubu hazijaisha duniani, mwanangu, usiniambie hakuna vifaa. Akaikagua na skrubu yenyewe inayoshika kishikizo, maana mkanda unaweza kuwa mzuri kumbe skrubu inacheza ndani ya mbao. Ya kwetu ilikuwa inacheza, akajaza tundu kwa njiti za kiberiti na gundi ya mbao, akaiacha ikauke, ndipo akakaza. Akanifundisha waya wa amplifaya niupitishe kwanza kati ya mkanda na gitaa ndipo niuchomeke, ili mtu akiukanyaga usivute moja kwa moja. Hivi vifungio vya kubana vya siku hizi mnavyonunua mjini ni vizuri, ila nati zake hulegea kwa mtikisiko, navyo huhitaji kukazwa kwa mkono kila mara. Ngozi ya mkanda wa gitaa haipakwi mafuta kwenye matundu. Tundu likishapanuka, mkanda umekwisha, hata kama bado unapendeza. Na ukihisi unateleza katikati ya wimbo, keti. Watakaokushangaa watakuja kuelewa, na wasipoelewa, besi yako itakuwa nzima.

Hayo ni ya mikono. La moyoni ni lile moja, nami nimeishi nalo hata mahali pasipo na gitaa. Nimelitumia nilipoletewa posa, nilipoachiwa mtoto wa kulea, nilipopewa ufunguo wa stoo ya kanisa. Kukagua si kumkosea mtu heshima. Ukinyamaza kwa haya, mzigo utamwangukia asiyejua lolote.

Nasikia pikipiki. Mwache apige honi.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukalisha leo. Huo mkanda mwekundu nimeushona mimi, kwa mikono hii, na matundu nimeyakata jana jioni kwa macho ambayo siku hizi sindano yananitafutia kwa kupapasa. Asubuhi nilipokuvalisha, ulinikumbatia ukasema, asante bibi, ni mzuri sana. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, uliyaona.

Lakini hukuuvuta, Neema. Nilikuwa nakutazama.

Mungu akutangulie njia yote mpaka Mandewa, awashike wote utakaosimama nao, vidole vyako visitetemeke, na urudi nyumbani na besi yako nzima na furaha tele. Haya, inuka, uvae. Vuta hapa mbele yangu. Vuta kwa nguvu, mwanangu, siudhiki.