Drili niliyoiita feki

Leo nimemwita binti wa watu tapeli mbele ya wateja wake.

Asubuhi nilinunua dukani kwake, hapa Tarime mjini, drili ya bei nafuu. Alitaka tuijaribu kwanza, nikakataa.
"Mimi ni mwalimu mstaafu, binti. Sifundishwi kutoboa ukuta!"

Nyumbani drili ikakwaruza plasta tu.

Nikairudisha nikifoka kwamba anauza feki. Wateja wawili wakaacha misumari yao kaunta, wakaondoka.

Binti akaipokea kwa mikono miwili, akasukuma swichi ya pembeni, akatoboa ubao mara moja.
"Ilikuwa inazunguka kinyume, baba."

Fundi mmoja aliyebaki dukani akaangua kicheko: "Mwalimu, hapo sifuri!"

Nikachukua drili yangu, nikaondoka bila kuomba samahani.

Ninyi wawili mlioondoka, kama mnasoma hapa, rudini kwake. Binti ni mwaminifu. Mwongo nilikuwa mimi.