Fundi wa Mabango

Katika kikundi chetu cha kutetea haki tunamwita Fundi, kwa sababu mabango yote ya maandamano hushonwa na yeye. Hushona akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo mkutano mzima huweza kwisha akijibu "mhm" tu. Simu huipakata mapajani, na kila ikitetemeka, mguu wake huganda juu ya kanyagio la cherehani. Amekaa roho mkononi tangu kwao ipitishwe sheria ya kuwafunga wapenzi wa jinsia moja na mtoto wa kaka yake kuwekwa rumande. Sisi huku ughaibuni tulishapanga: kesho, mbele ya ubalozi wa kwao, jina la kijana huyo lijaze bango zima.

Leo simu ilipotetemeka alitema pini kiganjani, akaweka sauti kubwa tusikie sote. Alikuwa wakili wa kule. "Dada, waambie wenzio wasubiri. Kesi ni Jumatatu. Mkiandamana kesho, hakimu ataambiwa kijana katumwa na wageni. Mtakaopiga kelele ni ninyi, tutakaogongewa mlango ni sisi." Mwenyekiti wetu akafoka, "Kwa hiyo tunyamaze?" Nami nikapiga meza kumuunga mkono. Fundi alichukua wembe akaanza kulifumua lile jina, herufi baada ya herufi, hata akajikata kidole. "Mimi ni shangazi yake," alisema bila kuinua macho. "Kama mimi nasubiri Jumatatu, ninyi haraka ya nini?"