Kutoka Gati la Kamanga Hadi Stesheni

Niliwahi kumpoteza mama mkwe wangu mchana kweupe, katika mwendo usiofika nusu saa, huku nimebeba kikapu chake na tiketi yake iko mfukoni mwangu. Watu hupoteza funguo, hupoteza vitambulisho, wengine hupoteza hata kazi. Mimi nilipoteza mama wa watu.

Nianze na udhaifu wangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza ufundi wa redio, nikaweka benchi barazani kwangu Pasiansi, na tangu hapo mji wa Mwanza nikawa nausikia tu kwa wateja. Walikuja na habari pamoja na redio mbovu: kwamba siku hizi madukani kuna kila kitu, kwamba viwanda vya minofu vinanunua sangara wote, kwamba mitumba inashushwa kwa marobota. Mimi naitikia "ee" huku nachomelea waya. Mke wangu alizoea kusema nyumba ikihama usiku, mimi nitahama nayo bila kujua.

Siku hiyo yeye alikuwa kitandani na malaria. Mama yake alikuwa anavuka ziwa kutoka upande wa Sengerema, ashukie gati la Kamanga, apande treni ya jioni kwenda Tabora, ambako mdogo wa mke wangu alikuwa anasubiri kujifungua mtoto wa kwanza. Binti hakuwa na mtu mwingine huko zaidi ya mume wake, na mume wake alikuwa dereva, hakai nyumbani. Treni haikuwa ya kila siku. Ikimwacha, mtoto angezaliwa bibi yake akiwa bado amekaa kwetu anakunywa chai.

"Utaweza?" mke wangu aliuliza kutoka chini ya blanketi.

"Kumtoa mtu Kamanga kumfikisha stesheni? Hata kuku ataweza."

"Kuku namwamini," akasema. "Mama amevaa kitenge cha kijani chenye tausi."

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu Usukumani mwanamume hamkodolei macho mama mkwe wake. Hali naye sahani moja, hatembei naye bega kwa bega, wala hamwangalii usoni. Naye hakuiti jina lako. Nilikuwa na miaka minane ya ndoa na mama mkwe wangu nilimfahamu kuanzia magotini kwenda chini. Tena nilijisifu kwa hilo. Wanaume wengine walionekana wakipiga soga na wakwe zao, nami nilijiona ndiye niliyelelewa.

Kivuko kilipofunga gati, nikaona tausi wa kijani wakiteremka, na chini yao ndala za bluu. Nikachuchumaa pembeni, macho chini. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Nikapokea kikapu, kizito cha michembe, vile viazi vikavu ambavyo huchemshwa vikawa laini. Nikatangulia. Yeye nyuma, hatua kumi hivi, kama inavyotakiwa.

Sasa nikakumbuka kwamba mke wangu alisema mama hajawahi kuuona mji vizuri. Roho ya ukarimu ikanipanda. Nikaanza kumwonyesha vitu, uso wangu ukiwa mbele, mkono ukielekeza.

"Mama, ukitazama kule majini, lile jiwe lililosimama juu ya mwenzake ndilo wageni wanakuja kulipiga picha. Limepewa jina la Mjerumani, lakini lilikuwepo kabla yake."

Kimya. Nikasema moyoni, huo ndio utu uzima, haropoki.

Nikaendelea. Kila baada ya kona nilitupa jicho chini nyuma, nikiona mikia ya tausi inafuata, naridhika. Nikamwonyesha Posta. Nikamwonyesha kilima chenye nyumba ya Mjerumani juu yake. Tulipofika kwenye mzunguko wa saa nikasimama. "Na hii, mama, ndiyo saa ya mji. Sasa inakaribia saa kumi na moja, treni ni saa kumi na mbili. Tuna nafasi, usihangaike."

"Wewe kaka," sauti ikatoka nyuma yangu, kavu kama kuni. "Tangu kule chini unaniongelesha mambo ya mawe na masaa. Mimi nimezaliwa Mabatini hapa hapa. Una malaria?"

Nikageuka. Kitenge, tausi, kijani, vyote vilikuwepo. Lakini juu yake alikuwepo mwanamke wa umri wangu mwenye ndoo ya mapanki kichwani, yale mabaki ya sangara ambayo kiwanda kikishachukua minofu hutuachia sisi.

Zamani kitenge kizuri kikiingia mjini, wenye nacho ungewahesabu kwa vidole. Hakuna aliyenipasha habari kwamba siku hizi tausi wale wale wanavaliwa na nusu ya wanawake wa Mwanza. Au walinipasha, nikaitikia "ee".

"Wewe siyo mama mkwe wangu," nikasema.

"Mungu ameninusuru. Umempoteza?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Na hicho kikapu?"

"Chake."

"Basi umempora kabisa! Haya, anafananaje?"

"Amevaa kama wewe."

"Usoni, kaka. Mweusi, mweupe, ana pengo, ana nini?"

Nikatazama chini. "Sijui."

"Humjui mama mkwe wako?"

"Namheshimu."

Alicheka mpaka akalazimika kuishika ndoo kwa mikono miwili. Kisha akaishusha, akaiacha kwa muuza mahindi aliyekuwa hapo kwenye mzunguko, akajifunga upya kitenge kiunoni. "Twende. Maana wewe hata ukimpata hutamjua."

Tukarudi tulikotoka, mimi mbio na kikapu, yeye akikagua nyuso. Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Tiketi iko kwangu. Mama yule hajui mtaa, na kule Tabora kuna msichana anashika kiuno akiangalia mlango. Na kwangu Pasiansi kuna mke mgonjwa ambaye nitamwambia nini? Kwamba mama yako nimemheshimu mpaka akapotea?

Tulimkuta kwenye kona ya Posta, ameketi juu ya kigoda cha fundi viatu. Ndala moja ilikuwa mkononi mwa fundi, imetobolewa na kushonwa waya.

"Wewe ndiye mkwe?" fundi akaniuliza. "Bibi huyu anasema kapotelewa na mkwe. Tunamuuliza jina tupige kelele tukuite, anafunika mdomo. Mara nne!"

Yule mama wa mapanki akatutazama kwa zamu. "Huyu hajui sura, huyu hataji jina. Mmepatana kwelikweli."

Mama mkwe, akiwa ameangalia upande, akamwambia, "Mwambie mkwe wangu kamba ya ndala ilikatika nikainama. Nilipoinuka, hayupo."

"Mwambie mama anisamehe sana," nami nikamwambia yeye.

"Mwambie sijakasirika."

"Mwambie..."

"Jamani!" mama wa mapanki akapiga makofi. "Niwapokezee maneno mpaka Tabora? Treni inaondoka!"

Ndipo mama mkwe akasimama, akavaa ndala yake, akaja moja kwa moja akashika mkono wa shati langu. "Baba," akasema, na mara hii aliniambia mimi, "heshima ipo. Lakini mwanangu anajifungua. Twende."

Nilimshukuru mama wa mapanki njia nzima hadi pale kwenye mzunguko, yeye akijibu "haya, haya, tembea," huku akimsimulia mama mkwe jinsi nilivyomfundisha mawe na masaa. Alichukua ndoo yake akaingia mjini, na sikuwahi kumwona tena.

Tukaenda bega kwa bega. Miaka thelathini na kitu nilikuwa nimeishi Mwanza, na sikumbuki kama niliwahi kuiona kabla ya hapo. Jua lilikuwa limelala juu ya mawe yote ya vilimani, paa za mabati chini yake, ziwa likijitokeza kila nyumba zilipoachana. Karibu na stesheni, jiwe la Mjerumani likaonekana tena.

"Kwa nini halianguki?" mama mkwe akauliza.

"Sijui, mama."

"Sasa yule mama ulikuwa unamfundisha nini muda wote?"

Nikacheka. Akacheka. Nadhani tulitenda dhambi ya ukoo mzima pale barabarani, na sijawahi kutubu.

Alipanda behewa la daraja la tatu firimbi ikiwa tayari mdomoni mwa mkuu wa stesheni. Nikampitishia kikapu dirishani, nikainua macho, na huo ukawa mwisho wa miaka yangu minane ya kutazama ndala. Ana macho ya mke wangu. Siku zote nilidhani mke wangu amefanana na baba yake.

Barua ilikuja baadaye: alifika, akalala usiku mmoja, mjukuu akazaliwa kesho yake asubuhi mikononi mwake. Nikaisoma barazani, nikaitia mfukoni, nikaitoa nikaisoma tena. Kila nikikaa kwenye benchi langu bado namshukuru yule mama ambaye ndoo yake ya mapanki ilinisubiri juani.

Siku ya barua jirani yangu, mzee mstaafu wa meli, alikuwa amekuja kuchukua redio yake. Mke wangu, aliyekwishapona na asiyekuwa na huruma tena, akamsimulia yote. Mzee hakucheka. Aliizungusha redio, akaijaribu sauti, akaizima.

"Miaka minane unakula ugali wa binti wa mtu, hujui hata sura ya aliyemzaa," akaniambia. "Hiyo siyo heshima, jirani. Huo ni uvivu."